Anthiasi wanapogoma Goma: dalili, vyanzo na hatua za kuchukua

Sisi tunaofuga samaki wa maji ya chumvi mjini Goma tunahesabika kwa vidole, lakini simu za wale wanaoniita Papa, yaani baba, haziishi. "Papa, masamaki yote iko juu ya maji, inafungua midomo." "Papa, ile ya machungwa imekataa kula, leo siku ya tatu." Nimejibu mpaka nimetambua kwamba maswali ni yale yale, na kwamba makosa yetu si ya mtu wa Mombasa anayechota bahari kwa ndoo. Maelekezo ya kwenye pakiti yameandikwa na watu walio usawa wa bahari. Sisi tuko juu yake kwa mita 1,500 hivi, tuna mlima unaotoa moshi, na umeme wetu huingia na kutoka kama mgeni asiyepiga hodi.

Nazungumzia anthiasi, samaki wadogo wa kwenye matumbawe, na hasa Pseudanthias squamipinnis. Majike yake ni ya rangi ya machungwa, na dume ni la zambarau, lenye uzi mrefu kwenye pezi la mgongo. Anaishi Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu, na ndiye mvumilivu kuliko wengi wa ukoo wake. Kama umenunua jamii ya kina kirefu, mfano Pseudanthias ventralis, kwa sababu ya picha tu, yaliyomo humu yatakusaidia, ila jiandae kwa kazi mara mbili.

Wanahema haraka, wamejikusanya karibu na uso wa maji

Hii ndiyo simu ninayopokea kuliko zote, na mara nyingi mtu ameshanunua dawa kabla ya kunipigia. Dawa weka kando kwanza. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 25 hushika oksijeni isiyozidi miligramu 6.7 hivi kwa lita, wakati maji yasiyo na chumvi hushika zaidi ya 8. Hiyo ni pwani. Huku kwetu uzito wa hewa ni kama asilimia 84 ya ule wa pwani, kwa hiyo kiwango cha juu kabisa kinashuka hadi 5.6 au hapo karibu, na hapo samaki, mawe hai (mawe ya baharini yenye bakteria na viumbe vidogo) na uchafu bado hawajaanza kugawana. Anthiasi ni samaki wa mkondo, anaogelea kutwa nzima. Upungufu ambao samaki mwingine angeuvumilia, yeye anauonyesha mapema.

Anza kwa kuangalia uso wa maji. Ukiwa umetulia kama kioo, au una utando wa mafuta, huenda chanzo umekipata bila kupima chochote. Elekeza mdomo wa pampu juu mpaka uso uwe na mawimbi, ongeza na jiwe la hewa, kisha subiri nusu saa. Pumzi ikipungua, huna mgonjwa. Una tangi lisilopumua.

Kisha angalia saa. Wanaohema alfajiri kabla ya taa kuwaka, halafu wakatulia kufika saa nne asubuhi, wanakosa oksijeni ya usiku: matumbawe na mwani havitoi oksijeni gizani, vinaitumia. Kuna ndugu yetu mmoja aliyekuwa akizima skima (chujio linalosafisha maji kwa povu la hewa) kila usiku ili kupunguza gharama ya umeme. Alipoteza majike manne kabla ya kuniambia.

Baada ya hapo pima joto. Goma si mji wa joto, na hiyo inatufanya tusahau kwamba hita inaweza kukwama ikiwa imewaka na kupandisha maji hadi nyuzi 30 bila kelele. Weka kipimajoto cha pili, cha bei rahisi, upande wa mbali na hita. Mimi nabaki kwenye 24 hadi 25, kwa sababu kila nyuzi inayoongezeka inapunguza oksijeni.

Ndipo amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu. Zote mbili ziwe sifuri. Zikionekana, badilisha robo ya maji kwa maji ya chumvi yaliyotayarishwa tangu jana, yenye joto na chumvi sawa na ya tangi, punguza chakula, kisha tafuta maiti. Mara nyingi kuna samaki au konokono aliyeoza nyuma ya mawe.

Vimelea vya mashavu vinakuja mwisho. Vifikirie pale ambapo mmoja au wawili tu wanahema, wanajikuna kwenye mawe, na hewa zaidi haiwapi nafuu.

SIMAMA HAPA: samaki wote wakihema na watu wa nyumbani nao wanaumwa kichwa au wana usingizi wa ajabu, achana na tangi. Toa watoto nje, fungua milango, kisha uliza jenereta au mbabula (jiko la mkaa) iko wapi. Moshi wa jenereta ndani ya nyumba unaua mtu, na makala (mkaa) yasiyowaka vizuri yanaua pia.

pH haipandi juu ya 7.8, hata ukiweka bafa

Kwangu pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, ilikuwa 7.7 kila asubuhi kwa miezi. Nikanunua bafa, dawa ya kupandisha pH, nikamwaga, ikapanda siku moja, ikashuka. Mke wangu ndiye aliyeliona: "Siku tukipika maharagwe ndani kwa sababu ya mvua, kesho yake samaki zako zinachoka." Maharagwe na mbabula ni saa tatu au nne za makala katika nyumba iliyofungwa, na hewa ukaa yote ile inaingia majini, hasa kupitia skima inayovuta hewa ya sebuleni.

Kuna jaribio lisilo na gharama. Chota glasi ya maji ya tangi, pima pH, ipeleke nje kwenye baraza, ipulizie kwa pampu ndogo ya hewa kwa saa moja, pima tena. Ikipanda kwa 0.2 au zaidi, tatizo liko kwenye hewa ya nyumba yako na bafa haitalimaliza. Ikibaki pale pale, pima alkali ya maji (kati ya 8 na 11 kwa kipimo cha dKH ni sawa), maana huenda kweli imekwisha.

Tiba yenyewe ni mpira wa hewa wa skima kupitishwa dirishani mpaka nje. Kwangu pH ilifika 8.0 ndani ya siku mbili. Funika mdomo wa mpira kwa kitambaa chepesi, kwa sababu ya vumbi la mawe meusi na, siku nyingine, majivu ya Nyiragongo, ule mlima wetu wa volkano.

Ila sikiliza vizuri wewe unayeishi upande wa magharibi ya mji kuelekea Sake, au popote penye bonde la lava. Mazuku ni hewa ukaa hiyo hiyo, inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, nayo hujaa mahali pa chini. Mdomo wa mpira uwe juu, usawa wa juu ya dirisha au zaidi, usiwe kamwe kwenye msingi wa nyumba au shimo la nyuma. Ukiona panya, mijusi au ndege wamekufa bila sababu mahali pa chini, au moto wa kibiriti unazimika ukiuteremsha, usishuke hata kuchukua ndoo. Ondoka, waonye majirani, wajulishe ulinzi wa raia au OVG, kituo cha Goma kinachochunguza volkano. Anayemfuata aliyeanguka huanguka naye.

Umeme ulikatika, ukarudi, na siku ya pili wanakufa

Watu hushangaa kwamba samaki walipita usiku wakiwa wazima, wakafa umeme ukiwepo. Chanzo cha kawaida ni chujio lililofungwa, lile la ndoo lenye mipira miwili. Likikaa saa kadhaa bila mtiririko, bakteria ndani wanakosa oksijeni na kufa, na umeme ukirudi pampu inasukuma supu ile yote ndani ya tangi. Likikaa zaidi ya saa mbili hivi, lifungue, nusa, mwaga maji yaliyomo, suuza sifongo kwa maji ya tangi, ndipo uliwashe. Harufu ya yai bovu ina maana usiliwashe kabisa siku hiyo.

Chanzo cha pili ni mshtuko wa umeme kurudi kwa nguvu, au kurudi dhaifu. Pampu inayonguruma bila kuzunguka iko kwenye umeme mdogo na itaungua. Stabilizateri inagharimu chini ya pampu mbili.

Wakati wa giza, kusukuma maji kunatangulia kupasha joto. Lita 400 hupoa polepole. Blanketi kuzunguka kioo linatosha usiku mzima, hata usiku wa nyuzi 15. Lakini bila mwendo wa maji, kundi la anthiasi lina saa chache tu. Pampu ya hewa ya betri, au pampu ndogo ya volti 12 kwenye betri ya sola, ndicho kitu cha kwanza kununua, hata kabla ya samaki. Usiwalishe mpaka umeme urudi, na taa zikae zimezimwa.

Tena tazama friji. Chakula kilichoyeyuka kikagandishwa tena ni sumu ya polepole. Nimekitupa mara nyingi huku moyo ukiuma, kwa sababu kinatoka Kigali kwa basi na barafu.

Hawali

Hapa ndipo wengi wetu tunakata tamaa, na ndipo subira inalipa.

Kama wamefika chini ya siku tatu zilizopita, chanzo cha kwanza ni safari. Samaki aliyefungwa pwani, akaruka mpaka Kigali, akapanda gari saa tatu au nne mpaka mpakani na kusubiri karatasi, amechoka na mfuko wake umevimba, kwa kuwa hewa iliyofungwa usawa wa bahari hutanuka huku juu. Zima taa, mwache. Kesho yake mpe artemia hai, vijidudu vidogo vya maji ya chumvi. Mayai yake huanguliwa nyumbani katika maji yenye gramu 30 hivi za chumvi kwa lita. Maelekezo husema saa 24, lakini sebule ya Goma ni baridi, kwa hiyo weka chupa karibu na taa au hesabu saa 48.

Chanzo cha pili: chakula hakifanani na chakula. Baharini anthiasi husimama kwenye mkondo na kudonoa vijidudu vinavyopita. Kipande kinachodondoka moja kwa moja hadi mchangani, kwake ni jiwe. Tia kidogo mbele ya pampu, kielee na kuzunguka. Vijidudu vya majini kama kopepodi, artemia na misisi iliyokatwakatwa, na mayai ya samaki yaliyooshwa vizuri, vyote vinafaa. Watu huniuliza kuhusu sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Sambaza iliyosagwa watakula, ndiyo, lakini inachafua maji haraka na si chakula cha kila siku. Tule sisi na ugali.

Chanzo cha tatu hakionekani kama kukataa kula: wanakula, lakini wanakonda. Tumbo limebonyea, mgongo umekuwa kama kisu. Hao wanalishwa mara moja kwa siku. Anthiasi hupewa mara tatu hadi tano, kidogo kidogo. Anayekwenda kazini asubuhi na kurudi jioni anunue kilishi cha saa, au amfundishe mtoto mmoja wa nyumbani. Binti yangu alianza akiwa na miaka tisa, na kosa lake pekee lilikuwa ukarimu.

Cha nne ni mbabe. Kaa mbali na kioo dakika kumi utazame. Anayetoka mafichoni na kurudishwa kila mara hana ugonjwa.

Cha tano: kinyesi cheupe cha uzi, chakula kinadonolewa kisha kinatemwa. Hapo vimelea vya tumboni vinawezekana, na dawa yake huchanganywa na chakula kwa kipimo. Usikadirie kwa kijiko. Mpeleke daktari wa mifugo picha na uzito wa chakula mnachotumia. Hata kama hajawahi kumwona anthiasi, kupiga hesabu ya dawa ni kazi yake. Samaki asiyekula kabisa kwa wiki nzima, huku akikonda, amefika kiwango cha kuhitaji msaada huo.

Maji yanakuwa meupe kama maziwa ukichanganya chumvi

Umetumia maji ya ziwa, au ya bomba yanayotoka ziwani. Ziwa Kivu lina bikaboneti na magnesi nyingi kwa sababu ya volkano. Ukiongeza chumvi ya akwariamu yenye kalsiamu, vinakutana na kugeuka chokaa mbele ya macho yako. Usiyatie kwenye tangi.

Maji ya mvua yanavutia, lakini hupita kwenye mabati, haya tunayoita manjanja, yakabeba zinki, na yanaponyesha kupitia moshi wa Nyiragongo huja na asidi na floridi. Baada ya majivu kuanguka usiyaguse kwa wiki kadhaa.

Linalobaki ni kichujio cha osmosi, na hapo kuna kosa la Goma linalojirudia: "Papa, mashini imeharibika, inatoa matone tu." Haijaharibika. Inahitaji msukumo wa baa tatu au nne. Maji yaliyoletwa kwa bidoni (madumu) juu ya chukudu, baiskeli yetu ya mbao, hayana msukumo wowote, na tangi lililoinuliwa mita tatu linatoa baa 0.3. Funga pampu ndogo ya kuongeza nguvu, utaona tofauti dakika hiyo hiyo.

Wanapigana

Madume mawili katika tangi moja la nyumbani ni vita, toa mmoja. Majike matatu ni kosa lisiloonekana, kwa sababu yule mkubwa huwa na watu wawili tu wa kumalizia hasira. Dume mmoja na majike watano au zaidi, lita 400 kwenda juu, mafichoni pengi, wote waingie siku moja: hivyo kero hugawanyika. Aliyechanika mapezi mtenge kwenye kikapu chenye matundu ndani ya tangi lile lile, ili asisahauliwe na kundi.

Rangi inafifia, au inabadilika

Ikififia kwa wote polepole, ni chakula kisicho na rangi ya uduvi. Badilisha, subiri mwezi. Ikififia ghafla kwa mmoja, rudi kwenye pumzi na vidonda.

Lakini jike kubwa likianza kuwa na zambarau na uzi mgongoni, hasa dume likiwa limekufa au kuondolewa, usimpe dawa! Anthiasi wote huanza maisha wakiwa majike, na mkubwa wao hugeuka dume nafasi ikiwa wazi, kwa muda wa wiki chache. Mama mmoja wa Bukavu alikuwa ameshamtenga na kumtia dawa ya shaba yule maskini. Sasa ndiye bwana wa kundi.

Madoa meupe, vumbi la dhahabu, vidonda vyekundu

Haya matatu, yote ya vimelea, hutofautiana kwa kasi. Madoa meupe kama punje za chumvi, yanayoonekana leo na kupungua kesho, ni Cryptocaryon, na unazo siku kadhaa. Vumbi laini la kimanjano linaloonekana ukimulika tochi kwa pembeni, pamoja na kuhema na kukimbia mwanga, ni Amyloodinium, na unazo saa. Kidonda chekundu ubavuni, kama amechubuliwa, ni dalili ya Uronema, ambayo huwapenda anthiasi waliofika wakiwa wamechoka. Huyo mtoe mara moja.

Kwa mawili ya kwanza, samaki wote wanahamia tangi la karantini na wanatibiwa kwa shaba, huku wakipimwa kwa kipimo cha shaba kila siku. Shaba haiingii kamwe kwenye tangi lenye matumbawe, kamba au mawe hai. Tangi kuu likae bila samaki wiki 11. Ndiyo, 11. Waliorudisha baada ya wiki tatu wameanza upya.

Uronema haisikii shaba wala kupunguza chumvi. Huogeshwa kwa formalini, na formalini ni sumu kwa mapafu na macho yako: usiinunue ya maabara ukachanganya jikoni. Kama huna daktari wa mifugo wa kusimamia, mtenge mgonjwa, linda wengine, na ukubali kwamba huenda asipone.

Anaelea mkia juu

Alivutwa haraka kutoka kina kirefu na kifuko chake cha hewa kimetanuka. Wengine hupona kwa kutulia siku chache kwenye mwanga hafifu. Kuchoma sindano ni kazi ya mtu aliyefundishwa. Niliwahi kumshika samaki wakati rafiki "anajaribu", na sitaki kusimulia.

Amepotea

Tazama sakafuni, nyuma ya kabati. Anthiasi huruka, hasa taa zikizimika ghafla, na kwetu taa huzimika ghafla. Wavu wa matundu madogo juu ya tangi lote, pamoja na ule upenyo wa mipira ambao kila mtu huuacha.

Mkono unashikwa na ganzi ukiutia majini

Toa mkono. Usiguse hita, usiguse bomba, usimwombe mtu ashike ujaribu tena. Zima umeme kwenye swichi kuu ya nyumba, si kwenye soketi iliyolowa. Chumvi hutambaa kwenye waya na kuacha ukoko mweupe unaopitisha umeme, na hita iliyopasuka kioo huendelea kuwaka kana kwamba ni nzima. Mwite fundi umeme aweke kikata umeme na waya wa ardhi, na mpaka aje, pampu ya betri iendelee kuwapa samaki hewa.